Kalibre 16, 20, 28: namna ya kupima bunduki kuukuu ya mitutu miwili hapa Lubumbashi

Bunduki hizi za kalibre ndogo mara nyingi hutoka kabatini baada ya matanga. Mzee amezikwa, watoto wanagawa vitu, na ndani ya shuka la zamani wanakuta mitutu miwili membamba, nakshi za ndege na majani ubavuni, pamoja na boksi la kartushi zilizovimba kwa unyevu. Swali la kwanza huwa ni bei. Mnunuzi naye huangalia nakshi kwanza, kisha huuliza jina la kiwanda. Wote wawili wameanza mwisho. Utaratibu unaofaa ni huu: karatasi, kartushi, chemba (nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa kartushi), chuma cha mtutu, mitambo, mbao, na nakshi baada ya hayo yote.

Tuelewane kwanza juu ya kalibre. Namba ya kalibre ni hesabu ya magololi ya risasi, kila moja ikiwa na upana wa mtutu, yanayotimiza ratili moja (gramu 454). Kwa hiyo namba ikipanda, mtutu unapungua. Kalibre 12 ina kipenyo cha takriban mm 18.5, 16 ni mm 16.8, 20 ni mm 15.6, na 28 ni mm 14. Ile inayoitwa .410 haifuati hesabu hiyo: ni kipenyo kwa inchi, yaani mm 10.4, na kwenye maboksi ya Kifaransa utaikuta kama kalibre 36 au mm 12. Kuna wasiohesabu 16 kama kalibre ndogo. Hapa tumeiweka kwa sababu taabu yake ya kartushi na ya chemba ni ileile.

Kabla ya kupima chochote, ifungue bunduki, toa kilichomo ndani ya chemba zote mbili, kisha pitisha fimbo laini ya mti toka mdomoni mpaka itokee upande wa pili, mtutu mmoja baada ya mwingine. Kuchungulia tu hakutoshi. Nyigu waashi hujenga udongo ndani ya mtutu uliokaa miaka kumi, na kitambaa cha mafuta kilichosahauliwa humo hufanana na giza. Kartushi zilizovimba, zenye kutu ya kijani kwenye shaba au karatasi iliyopasuka, usizijaribu, usizichome, wala usizitupe jalalani. Watajie wakuu wa silaha unapowapelekea karatasi, wakuelekeze pa kuzikabidhi.

Karatasi

Silaha nchini Kongo ziko chini ya Sheria-agizo Na. 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji chini ya Sheria Na. 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Kibali cha silaha ni cha mtu na jina lake. Mtoto hurithi bunduki ya baba kama mali, lakini kibali cha baba hakirithiwi. Mrithi anaanza upya kwa wakuu wa mkoa, akiwa na kibali cha zamani, cheti cha kifo na hati ya urithi, na bunduki ibaki ilipo mpaka aambiwe namna ya kuileta. Kuitia ndani ya gari na kupita nayo vizuizini "kwenda kuionyesha tu" ndiko kunakogeuza urithi kuwa kesi.

Linganisha namba iliyoandikwa kwenye kibali na namba iliyo kwenye chuma. Kwenye bunduki za Ubelgiji chini ya mitutu kuna tarakimu nyingi: uzito wa mitutu, kipenyo, urefu wa chemba. Karani wa zamani angeweza kunakili tarakimu isiyo namba ya bunduki. Namba halisi kwa kawaida iko mahali patatu, kwenye mitutu, kwenye baskule (kile chuma cha kati kinachobeba mitambo) na kwenye chuma cha ubao wa mbele. Zikitofautiana, bunduki imeunganishwa toka mbili, na bei yake ishuke hata kama inafunga vizuri.

Ukienda kumwona mwenye bunduki, usianze na kuishika. "Papa, tuonyeshe kwanza karatasi, bunduki tutaiangalia nyuma" ni maneno yasiyomkera mtu, na yanakuokolea asubuhi nzima. Isiyo na karatasi haina bei, hata iwe nzuri namna gani.

Kartushi zinapatikana?

Hapa ndipo thamani ya Ulaya na thamani ya Lubumbashi zinapoachana. Kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, 28 au .410 ya fundi mwenye jina hulipwa zaidi ya 12 ya daraja lilelile, kwa sababu zilitengenezwa chache. Mwindaji wa Katanga mwenye 28 anamiliki pambo mpaka athibitishe nani atamuuzia kartushi kihalali mwaka huu na mwaka ujao. Kalibre 12 ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi. Baada yake fikiria 16 na 20, na zilizobaki zihesabu kama hazipo mpaka uone boksi kwa macho. Za 24 na 32, ambazo nazo zilitengenezwa Liège (Ubelgiji) na Saint-Étienne (Ufaransa), ni za kutundika ukutani.

Kwa hiyo muulize muuzaji mwenye leseni kabla hujatoa pesa: ana boksi ngapi za kalibre hiyo, urefu gani, uzito gani wa marisau (vigololi vidogo vya risasi), na shehena nyingine inakuja lini. Boksi la kawaida lina kartushi 25, mengine 10. Akikuahidi kitu kupitia Kasumbalesa, kumbuka kwamba kuvusha kartushi mpakani kunadai vibali vya Kongo na vya Zambia pia.

Na hatari moja isemwe wazi. Kartushi ya 20 ikiingizwa kwenye mtutu wa 12 hupita chemba na kukwama mbele yake. Mtu anachungulia, anaona chemba tupu, anaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto. Ndiyo maana viwanda hufanya kartushi za 20 ziwe za njano. Ya 28 ndani ya mtutu wa 20 hufanya vivyo hivyo. Nyumba yenye 12 na 20 iweke kartushi zake kwenye makabati mawili, si kwenye mfuko mmoja wa koti.

Mihuri chini ya mitutu

Toa ubao wa mbele, tenganisha mitutu na baskule, safisha sehemu bapa za chini kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, halafu mulika kwa tochi toka ubavuni. Usitumie msasa wala brashi ya chuma. Muhuri uliofutika ni pesa iliyofutika.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kusoma ELG kama jina la kiwanda. Herufi hizo ndani ya duara la yai ni muhuri wa nyumba ya majaribio ya Liège, yaani ofisi inayojaribu nguvu ya mitutu, iliyoanzishwa 1672, na kila bunduki iliyopita pale inao, ya bei ya chini na ya bei ya juu. Taji lililo juu yake liliongezwa 1893, na tangu 1922 kuna herufi ndogo ya mwaka. Jina la fundi litafute kwenye ukanda wa juu kati ya mitutu au kwenye baskule: FN, Francotte, Lebeau-Courally, Dumoulin. Bunduki nyingi za Liège hazina jina lolote, kwa kuwa karakana ndogo ziliwauzia wafanyabiashara bila kuandika. Hizo si mbovu kwa sababu hiyo, ila zipime kwa hali yake, si kwa hadithi ya mwuzaji.

Muhuri unaoamua matumizi ni wa baruti. Simba juu ya herufi PV maana yake mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Za Ufaransa zitafute PT chini ya taji, za Uingereza NP au BNP, za Ujerumani neno NITRO au N yenye taji. Pasipo na muhuri wowote wa namna hiyo, chukulia kwamba bunduki ilifanywa kwa baruti nyeusi, na kartushi za dukani leo karibu zote ni za baruti isiyo na moshi, ambayo mitutu hiyo haikujaribiwa nayo. Mitutu ya damaski, ile yenye mawimbi kama maji juu ya chuma kwa kuwa ilisokotwa toka nyuzi za chuma na feleji, usiifyatue hata ikiwa na muhuri mzuri. Kutu huingia kati ya nyuzi pasipoonekana. Kongo si mwanachama wa CIP (tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha), kwa hiyo hakuna nyumba ya majaribio hapa ya kukuondolea shaka; kuipima upya ni kuisafirisha Ulaya na karatasi zake zote.

Chemba: mahali watu wanapoumia

Bunduki nyingi za kabla ya vita ya 1939 katika kalibre 16 na 20 zina chemba ya mm 65. Kartushi za leo nyingi ni mm 70. Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Kabla ya kupigwa, kartushi ya mm 70 iliyokunjwa mdomo kwa nyota ina kama mm 58 tu, kwa hiyo inaingia vizuri kabisa ndani ya chemba ya 65, bunduki inafunga, na hakuna kinachokuonya. Ikipigwa, mdomo wa ganda hufungukia kwenye koni iliyo mbele ya chemba, pale mtutu unapoanza kupungua, njia ya marisau inabanwa, shinikizo linapanda. Dalili za awali ni bunduki kurusha nyuma kwa nguvu na maganda yenye mdomo uliochanika. Baadaye hufuata kufuli kulegea.

Tafuta urefu wa chemba ukiwa umechongwa: kwenye za Liège kuna almasi yenye namba ya kalibre na herufi C, na urefu wa milimita karibu yake. Hata ukiuona, pima. Lubumbashi ina bahati ya mafundi wa turu (mashine ya kuchonga chuma), mji wa migodi haukosi mtu wa kuchonga shaba kwa desimali. Mwambie akuchongee kipande cha shaba chenye kipenyo cha mm 17.3 kwa kalibre 20, au mm 18.5 kwa kalibre 16, urefu wa sm 12, na mistari kwenye mm 65, 67, 70 na 76. Kiteleze ndani ya chemba safi bila kukisukuma. Kinaposimama ndipo koni inapoanza, na mstari ulio sawa na ukingo wa nyuma ndio urefu wako. Kikipita 65 bila kufika 70, nunua kartushi za mm 65 au 67 zinazolingana, au acha. Kuirefusha chemba kwa kuchimba ni kupunguza chuma mahali shinikizo lilipo kubwa kuliko kote. Bunduki ikionyesha chemba ya 70 lakini muhuri unasema 65, kuna mtu amekwisha fanya hivyo. Iweke chini.

Chuma

Simama dirishani, siyo chini ya taa, na uelekeze mitutu kwenye ukingo wa dirisha. Kivuli cha mstari ulionyooka kitapita ndani ya mtutu kama reli. Kikikunjika, pana bonde. Kikifanya pete nzima ya duara, mtutu ulivimba kwa kizuizi wakati fulani, na huo haurekebishiki kwa maana ya usalama. Bonde dogo karibu na mdomo fundi mzuri hulitoa. Vishimo vya kutu vidogo mbele ya mtutu huvumilika, lakini vikiwa ndani ya chemba au sm 15 za kwanza havivumiliki, kwa sababu hapo ndipo shinikizo linapokuwa kali. Kartushi za zamani zilikuwa na fataki yenye chumvi, na mvua za Novemba mpaka Machi zilimaliza kazi.

Kipenyo kilichochongwa chini ya mtutu, mfano 15.6, kilipimwa sm 22 toka nyuma. Kalipa ya kawaida haifiki huko. Fundi wako wa turu akuongezee vigingi vinne vya shaba vya mm 15.6, 15.7, 15.8 na 15.9 juu ya waya mgumu. Ikiwa cha 15.9 kinapita pale palipoandikwa 15.6, mtutu umekwanguliwa kuondoa kutu na ukuta umekonda. Zaidi ya mm 0.2 juu ya kipimo cha muhuri, ihesabu kama bunduki isiyo na muhuri. Ukuta wenyewe usiwe chini ya mm 0.5 popote. Kuupima kunahitaji geji ya mkono mrefu, na asiyekuwa nayo asibahatishe kwa macho.

Kisha itundike mitutu kwa kidole kupitia ndoano ya chini na uigonge kwa ukucha. Ikilia kama kengele, lehemu ya ukanda ni nzima. Ikitoa sauti ya kopo, ukanda umeachia na maji yamekuwa yakiingia katikati. Mwishoni angalia mdomo: mitutu ya sm 68 hadi 76 ndiyo ya kawaida na huwa imekaribiana kabisa mdomoni. Ukikuta sm 58, pengo lililojazwa lehemu na mdomo usiobanwa, imekatwa. Nusu ya bei ya mkusanyaji imekwenda na kile kipande.

Kufunga na kufyatua

Jaribu ulegevu bila ubao wa mbele, kwa sababu chemchemi yake huficha mengi. Funga mitutu kwenye baskule, shika kitako kwapani, tikisa mitutu kushoto na kulia. Mtikisiko unaousikia mkononi ni kufuli iliyochakaa. Kisha funga juu ya kipande cha karatasi ya ofisi, unene wake kama mm 0.1, kati ya mitutu na uso wa baskule. Karatasi inatakiwa ibanwe. Ukiweka mbili na bado zinavutika bila kuchanika, mitutu imeachana na uso wake. Mekanika wa magari ana jani la kupimia vali. La mm 0.10 lisiingie kwa urahisi. Ujanja wa kawaida wa wauzaji ni kugonga ndoano kwa nyundo ili ibane. Utaona alama za ngumi kwenye chuma, na ubanaji huo hauishi msimu mmoja.

Kufyatua jaribu kwa kartushi bandia zenye mpira au nailoni mahali pa fataki, kwani pini za bunduki kuukuu hukatika zikipigwa hewani. Jaza zote mbili bandia, funga, fyatua wa kulia na usikilize kama wa kushoto haukuanguka pamoja nao. Gonga kitako chini juu ya mkeka mara mbili huku zimejikoki, zote zibaki. Kwa mizani ya samaki, kifyatulio cha mbele kivutike kwa kilo 1.6 hadi 1.8, cha nyuma kidogo zaidi. Chini ya kilo 1.3 ni hatari, na si kazi ya faili sebuleni.

Kwenye mbao angalia kishingo, nyuma kidogo ya baskule. Ufa hapo mara nyingi umefichwa kwa waya wa shaba au nta ya viatu. Kitako cheusi na chenye kunata kimenyonya mafuta miaka mingi na ndani ni laini. Bonyeza pia kwa kidole upande wa bamba la mwisho, maana mchwa huingilia huko na kuacha ngozi ya nje nzima.

Itakufaa porini?

Pima uzito wote. Kanuni ya zamani ya mafundi wa Uingereza inasema bunduki iwe na uzito wa mara 96 ya marisau. Kwa gramu 28 inatoka kama kilo 2.7, kwa gramu 24 kilo 2.3. Ndiyo maana 20 nyepesi ya kilo 2.5 ni tamu kubeba siku nzima na kali begani mtu akiilisha gramu 30. Kwa marisau namba 6 ya mm 2.75, gramu 32 za kalibre 12 ni kama chembe 265, gramu 24 za kalibre 20 ni kama 200, gramu 20 za kalibre 28 ni 165, na gramu 14 za .410 ni 115 hivi. Kanga ana ngozi ngumu na manyoya mazito. Kwa 20 mpige ndani ya mita 30, kwa 28 ndani ya 25, na .410 iachie kwale na ndege wadogo walio karibu, mita 20. Swala si wa marisau ya namna hii. Upemba na Kundelungu ni hifadhi za taifa, humo haiingii bunduki ya aina yoyote.

Bei

Anza na bei ya kalibre 12 ya mitutu miwili iliyo nzima na yenye karatasi, inayouzwa hapa mjini, halafu panda au shuka toka hapo. Robust ya Manufrance, kiwanda cha Saint-Étienne kilichofungwa 1985, ni kipimo kizuri kwa kuwa ni ngumu, ya kawaida, na vipuri vyake hujulikana. Kalibre 20 yenye chemba ya mm 70, muhuri wa baruti isiyo na moshi na kufuli ngumu inaweza kulingana nayo au kuzidi kidogo. Kalibre 16 ya mm 65 ishuke chini yake hata ikiwa safi, kwa sababu ya kartushi. 28 na .410 zina bei mbili: ya mwindaji, ambayo ni ndogo, na ya mkusanyaji wa nje, ambayo haikufikii bila kibali cha kuitoa nchini na gharama zake. Ukiambiwa "hii Ulaya inauzwa hivi na hivi", muulize nani atalipa safari.

Nakshi inaongeza kitu pale tu ambapo kingo zake bado ni kali. Ikiwa imelainika na chuma kinang'aa weusi mpya, bunduki imepigwa msasa na kupakwa rangi upya, na hilo hupunguza bei badala ya kuiongeza. Iliyokataliwa kwa chemba au kwa chuma ihesabu kama pambo, na hata pambo linabaki silaha mbele ya sheria mpaka izimwe rasmi na kuandikwa.

Wakati karatasi zinashughulikiwa, itenganishe mitutu na baskule, futa kila upande kwa mafuta mepesi ya mashine, ifunge kwa kitambaa cha pamba kikavu, na usiirudishe kwenye ile ala ya ngozi, maana ngozi hunywa unyevu wa masika na kuula mtutu kuanzia nje. Ikague kila wiki mbili msimu wa mvua, na vipande viwili vikae kwenye vifungio viwili tofauti.